Mwalimu wa Mbali

Ukimwuliza mtu wa kawaida mahali ambapo mwalimu hufanyia kazi yake, atakujibu bila kusita kwamba ni shuleni, mbele ya ubao, kati ya wanafunzi. Jibu hilo ni sahihi, walakini halikusanyi ukweli wote. Hivi leo, katika vyumba vya kupanga vya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret, wamo watu, wake kwa waume, ambao hufunga mlango, huketi mbele ya tarakilishi, na kumfundisha Kiingereza mtu aliyeko Uturuki, Japani au Brazili ambaye hawajapata kumpa mkono wala hawatarajii kumpa. Ujira wao hutoka ng'ambo, na jirani anayesikia sauti zao usiku hudhani kwamba wanazungumza peke yao.

Huenda wewe, msomaji, utakapomaliza masomo yako ukavutwa na kazi hii. Mimi nimeifanya, nami ni mwalimu niliyesomea ualimu chuoni. Sitakuambia kwamba ni kazi njema tupu, wala sitakuambia kwamba ni kazi mbaya. Nataka tuitazame pamoja, tangu ilipotoka hata ilipofika, kisha tuipime faida na hasara zake. Nitaanza na historia, maana watu wengi hudhani kwamba mambo haya yaliletwa na intaneti, kumbe intaneti ilikuta njia imekwisha fyekwa.

Kabla ya kushika safari, yafaa tukubaliane juu ya jambo moja. Somo lililo kamili lina hatua tatu. Kwanza mwalimu hutoa. Pili mwanafunzi hujaribu. Tatu mwalimu huyapokea majaribio yale, huyasahihisha na kuyarudisha. Wengi huiona hatua ya kwanza na kudhani kwamba ndiyo ualimu wote. Lakini hatua ya tatu ndiyo inayomtenganisha mwalimu na mhubiri wa sokoni, ambaye husema maneno yake akaenda zake. Ushike ukweli huo msomaji, nasi tutautumia kuwa kipimo katika habari zote zinazofuata.

Mwaka 1728 mtu mmoja aitwaye Caleb Phillips alitoa tangazo katika gazeti la mji wa Boston, ambao siku hizo ulikuwa katika koloni la Uingereza huko Amerika. Alikuwa mwalimu wa hati mkato, yaani maandishi ya alama fupi ambayo humwezesha mtu kuandika kwa kasi ya msemaji. Katika tangazo lake aliwaambia watu wa mashambani kwamba wangeweza kuletewa masomo kila juma kwa barua, nao wangefundishika sawasawa na wale waliokaa mjini. Kwa tangazo hilo mwalimu alikuwa ameahidi, kwa mara ya kwanza tunayoweza kuionyesha kwa maandishi, kwamba umbali si kizuizi cha elimu.

Ahadi hiyo ilihitaji posta ya bei nafuu ili itimie kwa watu wengi. Nchini Uingereza gharama ya barua ilihesabiwa kwa umbali, na mara nyingi ililipwa na yule aliyeipokea, hata maskini waliziogopa barua kama wanavyoogopa madeni. Mwaka 1840 serikali ilibadili desturi hiyo: barua isiyozidi nusu aunsi ingepelekwa popote nchini kwa peni moja, nayo ingelipiwa na mpelekaji. Mwaka ule ule Isaac Pitman, mwalimu wa hati mkato, aliikamata nafasi hiyo. Aliwapelekea wanafunzi kadi zenye mafundisho. Wao wakaandika aya za Biblia kwa hati mkato na kumrudishia. Naye akayasahihisha makosa yao na kuwapelekea tena. Tazama hapo, msomaji: hatua zote tatu zilitimia. Mwalimu alitoa, mwanafunzi akajaribu, masahihisho yakarudi. Kasoro ilikuwa moja, nayo ni siku zilizopita kati ya kosa na sahihisho lake.

Kufundisha lugha kwa njia hii kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu lugha ni sauti kabla haijawa maandishi. Katika mji wa Berlin, mwaka 1856, Mfaransa Charles Toussaint na Mjerumani Gustav Langenscheidt walianza kutoa barua za kuwafundisha Wajerumani lugha ya Kifaransa wakiwa majumbani mwao. Walibuni alama za kuonyesha matamshi, mwanafunzi akitazama neno aone pia jinsi linavyotamkwa. Ilikuwa kazi ya akili nyingi. Hata hivyo alama ya sauti si sauti. Mtu anaweza kuijua kila alama, kisha akafungua kinywa mbele ya Mfaransa asieleweke.

Basi haja ya sauti ikabaki, na ikatafutiwa dawa. Mwaka 1901 Jacques Roston alianzisha mjini London kazi iliyokuja kujulikana kwa jina la Linguaphone, akitumia vyombo vipya vya kunasa sauti vya siku zile, na baadaye santuri. Sasa mtu aliyekaa barazani kwake aliweza kumsikia mwenye lugha akitamka, na kumrudia mara mia kama akitaka. Baadaye ikaja redio, na mwaka 1943, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza vipindi vyake vya kufundisha Kiingereza kwa redio. Sauti ilivuka bahari bila kulipa nauli. Lakini tukirudi kwenye kipimo chetu tutaona upungufu mkubwa: santuri husema na haisikii, na redio nayo ni vivyo hivyo. Mwanafunzi akikosea, hakuna wa kumwambia. Barua ilikuwa na masahihisho isiwe na sauti. Redio ilikuwa na sauti isiwe na masahihisho.

Afrika haikuwa mtazamaji tu katika mambo haya. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kijulikanacho kwa ufupi kama UNISA, kilianza mwaka 1946 kufundisha wanafunzi wake kwa njia ya posta. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya chuo hicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Hapana mfano ulio bora zaidi wa kuonyesha kwamba somo laweza kupita mahali ambapo mwanafunzi mwenyewe hawezi kutoka.

Hapa kwetu Kenya, baada ya uhuru wa mwaka 1963, shule ziliongezeka upesi kuliko walimu waliohitimu. Wengi waliosimama mbele ya madarasa ya msingi hawakuwa wamepata mafunzo ya kutosha, na haikuwezekana kuwaondoa wote kazini kuwapeleka vyuoni, kwa kuwa madarasa yangebaki matupu. Mwaka 1967 Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kilichokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliunda kitengo cha masomo ya posta kwa ajili ya walimu hao. Waliletewa vitabu vya masomo na kurudisha majibu yao yasahihishwe. Walisikiliza mafundisho ya redio. Na wakati wa likizo walikusanyika kwa muda mfupi wakaonana na walimu wao ana kwa ana. Waliopanga mambo hayo walikuwa na busara. Walijua kwamba barua pekee haitoshi, na redio pekee haitoshi, wakaziunganisha njia tatu ili upungufu wa moja ufidiwe na nyingine. Yamkini babu yako au bibi yako alifundishwa kusoma na mwalimu wa namna hiyo.

Sasa tumefika kwenye zama zetu. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, alipendekeza mpango uliokuja kuwa tovuti za dunia nzima, na mwaka 1991 ukafunguliwa kwa umma. Mwaka 2003 ilitoka programu ya Skype, iliyowawezesha watu wa kawaida kuzungumza na hata kuonana kupitia intaneti bila gharama ya simu za ng'ambo. Skype yenyewe ilifungwa mwaka 2025, lakini nyingine nyingi zilikuwa zimekwisha kushika nafasi yake. Kwetu sisi mwaka mkubwa ulikuwa 2009, wakati nyaya zilizolazwa chini ya bahari zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti na ulimwengu yalitegemea setilaiti, ambayo ilikuwa ya polepole na ya ghali. Baada ya nyaya hizo, mtu wa Kenya aliweza kuonana na mtu wa Asia au Ulaya kama waliokaa meza moja.

Kwa mara ya kwanza, basi, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana vilikutana: sauti ya redio na masahihisho ya barua. Mwanafunzi hutamka, mwalimu husikia, na kosa hurekebishwa kabla halijapoa mdomoni. Kwa kipimo chetu cha hatua tatu, hakuna njia ya kufundishia kwa mbali iliyopata kuwa kamili kuliko hii. Hiyo ndiyo sababu iliyoifanya ienee kama moto wa nyika.

Palipoenea elimu, biashara ilifuata. Nchini China wazazi wengi walitaka watoto wao wajue Kiingereza, nao walikuwa tayari kulipa. Mwaka 2013 ilianzishwa mjini Beijing kampuni iitwayo VIPKid, ambayo kwa miaka michache iliwaunganisha watoto wa China na makumi ya maelfu ya walimu wa Marekani na Kanada waliofundisha kutoka majumbani mwao. Tafakari saa zao, msomaji. Mtoto wa Beijing anapokaa kusoma saa moja jioni, katika jimbo la California ni saa tisa au saa kumi ya alfajiri. Walimu wale waliamka wakati jogoo bado amelala. Kisha, mwezi wa Julai mwaka 2021, serikali ya China ilitoa amri ya kuwapunguzia watoto mzigo wa masomo ya ziada, na ndani yake ikakataza kuajiri wageni walioko nje ya nchi wafundishe watoto. Kazi za watu wengi zikakatika kwa sheria iliyotungwa katika nchi ambayo hawakuwa raia wake na ambayo wengi wao hawakupata kuikanyaga. Hilo ni funzo la kwanza kuhusu hasara, nami nitalirudia.

Mimi niliingia katika kazi hii kwa mlango wa shida. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Madarasa machache yalirudi Oktoba, na wanafunzi wote wakarudi Januari 2021. Mimi nilikuwa mwalimu niliyeajiriwa na halmashauri ya shule, si na serikali, na mshahara wangu ulitokana na karo ambazo hazikulipwa miezi hiyo. Rafiki yangu mmoja akanieleza habari za kufundisha Kiingereza mtandaoni. Niliomba kazi katika kampuni moja ya ng'ambo. Fomu yao iliniuliza nchi ninakotoka, ikanipa orodha ya nchi saba nichague: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kenya haikuwamo. Nilitazama orodha ile kwa muda mrefu. Kiingereza ni mojawapo ya lugha rasmi za nchi yetu kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Nilikisoma tangu utotoni, nikakifanyia mtihani, nikafundishwa chuoni jinsi ya kukifundisha. Kijana wa mojawapo ya nchi zile saba, asiyepata kushika chaki maishani, angeweza kuingia mahali ambapo mimi nilizuiliwa, kwa sababu ya pasipoti tu.

Baadaye nilipata kampuni nyingine iliyowapokea watu wa nchi zote, nikaanza. Na sasa tuzipime faida, kwa haki.

Faida ya kwanza ni riziki. Pesa zile zililipa kodi ya nyumba na dawa za mama yangu wakati hapakuwa na njia nyingine. Si haki mtu aliyeshiba kumcheka mwenye kutafuta chakula mahali kinapopatikana.

Faida ya pili ni ya mahali na saa. Mama mwenye mtoto mchanga, mtu asiyeweza kutembea vizuri, na mtu aishiye kijijini mbali na ajira, wote waweza kufanya kazi hii mradi wana tarakilishi, umeme na intaneti. Tena nchi yetu imekaa mahali pazuri katika mzunguko wa dunia. Mwanafunzi wa Japani anapotaka somo saa mbili za usiku, hapa kwetu ni saa nane za mchana. Na saa ya Uturuki ni sawasawa na yetu. Mkenya halazimiki kuamka alfajiri kama mwalimu wa California.

Faida ya tatu ni ya mwanafunzi. Wako watu ambao darasani hawathubutu kufungua kinywa kwa kuogopa kuchekwa. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa mwuguzi wa Uturuki aliyetaka kufanya mtihani wa Kiingereza ili apate kazi nje ya nchi yake. Masomo mawili ya kwanza alijibu kwa neno moja moja. Katika somo la sita alinisimulia habari ya mgonjwa aliyemhudumia, akakosea mara nyingi, wala hakuona haya, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa tatu wa kumcheka.

Faida ya nne ni ya mwalimu mwenyewe. Anayemfundisha mtu asiyejua neno moja la Kiswahili hana pa kukimbilia. Hulazimika kuyarahisisha maelezo yake hata yawe safi. Nilijifunza kufafanua sarufi vizuri zaidi kuliko nilivyojua chuoni.

Hizo ndizo faida, nazo si haba. Ama kwa upande wa hasara, ya kwanza nimekwisha kuionyesha: mlango huu unafunguliwa na kufungwa na watu wengine. Aghalabu kampuni haziwahesabu walimu hawa kuwa waajiriwa. Hakuna likizo yenye malipo, hakuna malipo ya siku za ugonjwa, wala akiba ya uzeeni, isipokuwa ile utakayojiwekea mwenyewe.

Hasara ya pili ni kwamba gharama na hatari zote humwangukia mwalimu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu katika Kenya nzima. Ilikuwa yapata saa nne kasorobo, nami nilikuwa katikati ya somo na yule mwuguzi. Taa ikazimika, intaneti ikakatika, uso wake ukapotea. Yeye alielewa na akanihurumia. Lakini kampuni ilihesabu kwamba mwalimu amelikimbia somo, ikanipunguzia malipo na kunishusha katika orodha ya walimu. Niliandika kujieleza, nikapata jibu lililoonekana limeandikwa kabla ya swali langu.

Hasara ya tatu ni fedha kuyumba. Mwenye kulipwa kwa dola hutajirika na kufukarika bila kubadili kazi yake. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ya Marekani ilifikia shilingi 160 hivi. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka karibu shilingi 130. Ni habari njema kwa taifa linalolipa madeni ya nje, lakini mwalimu wa mtandaoni alipoteza karibu sehemu moja ya tano ya mapato yake.

Hasara ya nne inakuja polepole. Tangu programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwezi wa Novemba 2022, zimetokea mashine zinazoweza kuzungumza na mwanafunzi na kumsahihisha wakati wowote. Mashine hailali, haiumwi, wala haidai nauli. Sisemi kwamba itawafuta walimu wote, ila atakayetegemea kusahihisha sarufi tu na ajue kwamba ana mshindani.

Nimeiacha mwisho hasara ya tano, kwa sababu ndiyo iliyonigusa zaidi, na tena haimo katika matangazo ya kampuni wala katika malalamiko ya walimu.

Katika muhula wa tatu wa mwaka 2023 nilikuwa nikifundisha Gredi ya 6 mchana, wanafunzi 58 katika chumba kimoja, nao walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Jioni nilirudi nyumbani, nikala upesi, nikakaa mbele ya tarakilishi hadi saa tano za usiku. Asubuhi moja mwanafunzi mmoja wa kike alinifuata hadi mlango wa majilisi ya walimu. Alisimama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Insha zetu zimesahihishwa?"

Nikamwambia bado.

Akasema, "Ni kwa sababu tumeandika ya tatu, na ile ya kwanza bado hatujarudishiwa. Sijui kama niliandika vizuri."

Madaftari yale yalikuwa kabatini mwangu. Siku ile nilikosa chakula cha mchana nikayafungua. Katika insha yake ya kwanza binti yule alikuwa amekosea kitenzi kimoja cha Kiingereza cha wakati uliopita. Alikipa mwisho wa kawaida wa vitenzi vingine, kumbe hicho hubadilika chenyewe. Ni kosa dogo, la mtoto mwenye akili anayefuata kanuni. Katika insha ya pili kosa lilikuwapo. Katika insha ya tatu kosa lilikuwapo mara nne, kwa mwandiko wa mtu mwenye uhakika. Nami nikakumbuka kwamba usiku wa juma lile lile yule mwuguzi alikosea kitenzi kicho hicho, nikamsahihisha papo hapo, akarudia kwa usahihi, tukacheka, tukaendelea.

Sasa, msomaji, rudi kwenye kipimo tulichokubaliana mwanzoni. Isaac Pitman mwaka 1840, kwa posta ya peni moja, aliwarudishia masahihisho watu asiopata kuwaona. Mimi niliyekaa hatua tatu kutoka kwa mwanafunzi wangu sikumrudishia daftari lake kwa majuma matatu. Ni nani kati yetu aliyekuwa mwalimu wa mbali?

Ni rahisi hapa kumlaumu mwalimu, na lawama yangu naikubali. Lakini historia haitafuti wa kulaumiwa tu, hutafuta sababu. Mwuguzi yule alikuwa na mwalimu peke yake kwa dakika 50. Watoto 58 waligawana mwalimu mmoja kwa dakika 35. Kampuni ililipa kila juma kwa kila dakika niliyofundisha. Shule ililipa karo zilipopatikana. Yalipo malipo na heshima, ndiko nguvu za mtu huelekea, kama maji yanavyoelekea bondeni, na asiyeyajengea maji ukingo asishangae shamba lake likikauka. Nchi inayowaacha walimu wake wauze nguvu zao bora usiku, itapokea mabaki yake mchana.

Niliamua kupunguza. Nikabakiza jioni mbili kwa juma na Jumamosi, na jioni nyingine nikazirudisha kwa madaftari. Mapato yangu ya mtandaoni yalipungua zaidi ya nusu. Mke wangu hakunipinga, ila aliniuliza dawa za mama zitanunuliwa na nini, nami sikuwa na jibu zuri. Tulihamia chumba cha bei nafuu. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayekuambia kwamba kutenda lililo sawa hakugharimu. Binti yule alipata daftari lake siku ya pili. Alisoma masahihisho akiwa amesimama, akaniuliza kwa nini kitenzi kile hakifuati wenzake, nami nikamwambia kwamba hilo ni swali jema na kwamba lugha nayo ina wakaidi wake. Mwuguzi wangu naye nilimfundisha hadi siku ya mtihani wake mwaka 2024, akafaulu.

Basi nikupe ushauri, wewe uliye bado kwenye dawati. Ukitaka kufundisha Kiingereza kutoka nyumbani, usiogope, wala usiidharau kazi hiyo. Ina nasaba ndefu ya watu wenye bidii. Kwanza jifunze ualimu hasa, usitegemee ulimi pekee, kwa kuwa kusema lugha ni jambo moja na kuifundisha ni jambo lingine. Usiweke mayai yako yote katika kampuni moja, wala katika nchi moja, ukikumbuka Julai 2021. Weka akiba miezi dola inapopanda. Fundisha pia Kiswahili, kwa kuwa ng'ambo wako wanaokitaka, na katika lugha hiyo hakuna atakayekuuliza kama nchi yako imo katika orodha.

Na ikiwa siku moja utakuwa na wanafunzi wawili, mmoja ng'ambo ya bahari na mwingine ng'ambo ya meza, usiulize ni nani aliye karibu kwa maili. Jiulize ni nani ambaye daftari lake bado halijarudi, uanze na huyo.